Chupa Zilizonyamaza

Mapendo,

We umelala kule nyuma ya pazia, mdomo wazi kama ulivyokuwa unalala ukiwa mtoto. Mi bibi yako niko naandika. Usishangae. Masomo nilifika darasa la tatu, na lenyewe sikulimaliza, juu baba yangu alisema mbuzi hazijichungi. Lakini kuandika naweza. Kama herufi zinapanda na kushuka, soma hivyo hivyo. Zimetoka Uvira, Kongo, na kule ni milima.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango, kuosha sufuria na kuogopa banaume. Hayo nimekupigia kelele tangu unatambaa. Kama hayakuingia kwa kelele, hayataingia kwa karatasi.

Na usifikiri nalia. Leo jioni Mama Adela, huyu Mrundi wetu wa kwaya, aliniuliza, "Koko wa Mapendo, mtoto anaenda Lilongwe, hata machozi kidogo?" Nikamwambia machozi ya nini, niache kwanza nipumue. Tangu Mayi Tionge, yule mama wa mgahawa, apige simu, mi napumua mpaka chini ya tumbo. Nilikuwa nimesahau kama pumzi inafika kule.

Yote nitakayosema hapa unayajua. Lakini unayajua kwa upande wako. Nataka uende nayo kwa upande wangu pia, ili siku utakaponikasirikia kule Mchesi, Lilongwe, unikasirikie vizuri.

Nianze na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Yote yametoka pale.

Kwetu, juu kidogo ya mji, babu yako Yoeli alikuwa na shamba ya ndizi. Ndizi tunazifukia kwa shimo, tunafunika na majani, tunawasha moto pembeni moshi uingie, mpaka zinaiva na kulainika. Banaume banazikamua kwa nyasi ndani ya ule mti uliochongwa kama mtumbwi. Bamama tunatia maji, tunatia unga wa mtama uliokaangwa, tunafunika. Siku ya kwanza inanyamaza. Siku ya pili inaimba. Siku ya tatu inanywewa na inaisha. Anayeiweka mpaka ya nne ni mtu asiye na jirani.

Na kunywa kuna adabu. Mwenye kuleta kinywaji njo anakunywa kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Si uroho. Anamwambia mgeni: kama iko kibaya humu ndani, kitaanza na mimi.

Siku tuliyokimbia vita, kasiksi ilikuwa kwenye siku yake ya pili. Ilikuwa inaimba. Tulikuwa tumeshafika nje, Yoeli akageuka anataka kurudi kuifunika vizuri. Nikamwambia, "We baba, unafunika nini? Bantu banakufa!" Akarudi, akafunika, akakuja. Mpaka leo, nikiwa nachambua maharagwe, najiuliza nani alikunywa ile kasiksi, na kama aliisifu.

Yoeli alituacha njiani, kwa ugonjwa, si kwa risasi. Mama yako, binti yangu, alifika hapa kambini Dzaleka na wewe tumboni. Akakuzaa, akakuangalia vizuri, na hakukaa duniani. Nikabaki na wewe na kifurushi.

Kifurushi unakijua, kile cha nyuma ya mlango, kwenye msumari. Vitenge vyangu vizuri, sufuria ndogo, kisu, chumvi. Nilikifunga wiki tuliyofika, na sikukifungua ila kwa kubadilisha chumvi. Ulipokuwa msichana uliniomba kitenge kimoja cha Noeli. "Koko, tunakimbilia wapi tena? Hapa ni Malawi, hapa iko amani." Nilikufokea mpaka ukaenda kulala bila kula. Ukavaa ile sketi ya zamani kanisani, ukaimba nayo, na sauti yako ilikuwa nzuri kuliko ya bale wenye nguo mpya. Nilisikia. Sikukuambia. Sasa nimekuambia.

Halafu ukakuja na masuku.

Hapa bantu ba Dowa banayauza barabarani msimu wa mvua, beseni kwa beseni, na batoto banayanyonya na kutema mbegu mpaka njia inateleza. Wewe mwalimu wako alikuonyesha kama yanatoa divai. Ukayaponda, ukatia maji na sukari na ile levire, hamira ya dukani, ukafungia ndani ya mabido, haya madumu meupe, na kwa kila bido kimpira kimetoka kuingia kwenye kikombe ya maji. Kikombe kikawa kinasema blu, blu, blu, mchana na usiku, kama mtu anayenung'unika ndani ya nyumba yangu.

Nikakuuliza, "Lini inanywewa?"

"Koko, pengine mwezi wa sita."

Mwezi wa sita! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hapa kambini nani ana mwezi wa sita? Hapa mtu ana leo, na akibarikiwa ana kesho asubuhi.

Na kile kijiti chako cha kioo! Unakitumbukiza kwenye divai, kinaelea, unainama kukisoma kama mganga. "Bado ina sukari, Koko. Bado inafanya kazi." Nikakuambia kijiti changu ni ulimi. Ukacheka. Ulikuwa unanicheka, nilijua, na niliweka ile kicheko kwa moyo.

Sasa ile siku. Ulienda Lilongwe kutafuta chupa zaidi na mtu wa kuchapa etiketi za kubandika. Mlangoni ulisema, "Koko, usiguse." Nakubali, ulisema. Tena ulisema mara mbili.

Nikakaa peke yangu na ile blu, blu. Ikawa inasema mara moja, inanyamaza, nafikiri imekufa, halafu, blu. Nikaona imechoka. Nikachovya kidole, si kunywa, unajua sikuwa nimekunywa tangu Yoeli. Nikaikuta imechachuka. Nikatia sukari. Nikaimimina kwenye zile chupa ulizokuwa umeosha, nikapiga bushoni, vile vizibo, kwa mwiko mpaka zikaingia zote, nikazifunga juu na kamba nisije nikaambiwa sikukaza. Nikazipanga chini ya kitanda changu. Nikajiambia mtoto atarudi atakuta kazi imekwisha, atasema aksanti Koko.

Bantu banasema nilifanya hivyo kwa kutokusoma. Hapana. Kasiksi sikuisomea, na haikuwahi kunipasukia. Ni haraka. Tangu tuache kile kinywaji kinaimba nyuma yetu, mi siwezi kuona kitu kimeachwa wazi nyumbani. Nataka kifungwe, kibebwe, kiende. Ningekuwa na uwezo, hata wewe ningekufunga na kamba.

Jumapili mchana bamama ba kwaya balikuja hapa kwa sala. Macho tumefumba. Mama Adela njo alikuwa anaomba, tena alikuwa anaombea amani.

Paa!

Halafu paa, paa, paa, chini ya kitanda.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Bantu ba nchi yenye bahati bangeuliza. Sisi bote tulikuwa chini kabla ya ile ya pili. Ile mama kubwa ya sauti ya chini iliingia chini ya meza ambayo hata kuku haipiti. Mama Adela alitoka anatambaa, akipita na pazia ya mlango kichwani. Na mi, mwenye nyumba, mwenye kuzipanga zile chupa kwa mikono yangu, sikukumbuka chupa. Nilinyakua kifurushi kwenye msumari na nikakimbia. Magoti haya ambayo kila siku nakuambia hayapandi hata kilima ya bomba, yalikimbia mpaka kwenye mahindi, upande wa barabara ya lami.

Pale njo ulinikuta. Ulikuwa kwenye kabaza, na katoni ya chupa umepakata. Uliruka kabla baiskeli haijasimama.

"Koko, unaenda wapi?"

"Banakuja."

"Nani anakuja?"

Nikageuka kuangalia nyuma. Ilikuwa mahindi tu.

Yule kijana wa kabaza alicheka. Wewe hukucheka. Ulinikaribia, ukanusa nguo yangu, ikanuka masuku, na nikaona usoni mwako umejua kila kitu. Ukachukua kifurushi ukakiweka kwa kichwa yako, ukanishika mkono, tukarudi polepole, hukusema neno mpaka nyumbani.

Nyumbani ulisema. Ulisema mpaka jirani ba upande wa pili bakazima redio ili basikie vizuri. Sikujibu. Andika hiyo kwenye ukuta: siku moja Koko alifokewa na hakujibu.

Lakini si makelele yako yaliyoniumiza. Ni baadaye, ulipoingia chini ya kitanda na tochi ya simu, unaokota vioo kimoja kimoja ili nisikanyage. Ulikuwa umenyamaza kama kikombe kilichokufa. Kisha ukapindua mabido yako yote nje ya mlango, midomo chini, ukasema, "Nimeacha."

Batoto ba kartie, ba mtaa huu, bakaanza: "Koko Bomu! Koko Bomu anapita!" Divai yako bakaiita divai ya masasi, yaani ya risasi. Hayo niliyabeba, mi nimeshaitwa majina mabaya katika nchi tatu. Lakini Mama Adela hakuingia tena kwangu. Alikuwa ananisalimia kutoka njiani, "Amahoro, Koko," na macho yake yanaangalia chini ya kitanda kupitia mlango. Mama ambaye tulikuwa tunapika sufuria moja. Na yale mabido pale nje, yanakaa na midomo chini, kuku banapanda juu yake.

Mvua iliporudi nilienda barabarani mwenyewe. Nilinunua masuku, beseni zima, nikaligombania bei mpaka muuzaji akaniambia pepani Agogo, pole bibi, chukua uende. Nikarudi nalo kichwani, nikaliweka kati ya miguu yako. Unakumbuka nilivyosema?

"Fanya. Mi sitagusa."

Ukaniangalia. "Apa."

Nikaapa. Mwanamke mzima, nimeoza binti, nimezika mume, naapa mbele ya mjukuu na mkono juu.

Mapendo, nimelima kwa jembe na mimba ya miezi minane, nimevuka ziwa usiku, nimepanga foleni ya unga kwenye jua la hapa. Kungoja ile divai kulikuwa kugumu kuliko yote. Blu. Nakaa juu ya mikono yangu. Blu. Natoka nje naenda kugombana na mtu. Siku moja ulirudi ukanikuta nimekaa mbele ya bido naliambia, "Maliza basi, we mchawi." Ukatumbukiza kijiti, ukasoma, ukasema, "Bado, Koko," na safari hii sikusema habari ya ulimi. Nilikuuliza, "Kinasomwa namna gani?" Ukanionyesha. Wewe ulifikiri nimekuwa mtu mzuri. Nilikuwa nimechoka kuogopa kitu nisichokijua.

Ikamaliza. Ukaihamisha iache takataka chini, ukangoja tena, ukaihamisha tena, ukangoja tena, mpaka ikawa safi kama maji ya jiwe. Ukaitia kwenye chupa. Mi nililala juu yake kila siku, sikio chini.

Halafu Mayi Tionge. Nitakufa na ile aibu yako. Tumeingia kwenye mgahawa wake Lilongwe, tumevaa viatu, wewe umesema na mi njiani kote, "Koko, uniachie niseme mi." Nikakuachia. Ukafungua chupa, ukamimina gilasi moja, ukaisukuma mbele yake. Akaiangalia. Nikaona anavyoiangalia. Alikuwa ameshasikia habari ya masasi, na alikuwa anaangalia kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua.

Nikaichukua ile gilasi nikainywa. Yote.

"Koko! Ile ni ya Mayi Tionge!"

Mayi Tionge akasema kwa Kichewa chake, na hata bila kukuuliza nilielewa: "Agogo, njiani hakukuwa na maji?"

Wapishi bake bakacheka. Wewe ulikuwa unatafuta shimo ya kuingia. Nikakuambia, mfasirie: kwetu anayeleta njo anaanza, ili mgeni ajue. Akasema kwao mgeni anaanza, ili ajue anaheshimiwa. Nikamwambia basi hapa tuko na heshima mbili na gilasi moja. Halafu akauliza, "Na iko namna gani, Agogo?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuinywa divai yako, na ya kwanza kunywa chochote tangu Yoeli. Nikamwambia ukweli. "Imepungua sukari."

Ulinifinya chini ya meza. Alama bado iko.

Lakini yeye hakukasirika. Alimimina mwenyewe, akanywa, akakaa nayo mdomoni, akasema yeye anaipenda hivyo hivyo. Kisha akasema lile neno lililotukalisha kwenye miiba hii miezi yote: mgahawa wake una bantu, una batoto, una vioo. Tumwachie katoni moja stoo, chini ya bati, jua lote la mwezi wa kumi lipite juu yake. Zikinyamaza mpaka mvua, uende ufanye kazi yako kule, kwenye chumba chake cha nyuma. Ikipasuka hata moja, tusirudi.

Wewe uliendelea kucheka na wenzako. Mi nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa unaamka unaangalia mbingu kama iko na mawingu, unarudi, unakunywa chai. Na jua lilivyopiga mwaka huu! Bati zilikuwa zinalia. Kila zilipolia, mi nilifikiri Lilongwe.

Juzi mvua ya kwanza imenyesha, simu ikalia, ukatoka nje kupokea. Nilikuona mgongo tu. Mgongo ukainama, na mi nikasema imekwisha, nikaanza kutafuta maneno. Halafu ukageuka. Uso umelowa, sijui mvua sijui nini, ukasema, "Koko, zimenyamaza. Zote."

Nilikaa kwenye jiwe la kufulia, kwenye maji, na sketi ya kanisa. Nikabaki pale.

Basi leo. Ulisema unataka kufungua moja, ya kuaga. Mi nilikataa, unakumbuka, nikasema za kuuza hazifunguliwi. Haikuwa hiyo. Nilikuwa nimemwita Mama Adela, na nilikuwa namwogopea ile sauti ya bushoni. Na yeye akafika, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja barabarani, kama mtu wa kodi.

Wewe hukumwambia usiogope. Ulichukua kitambaa, ukafunika shingo ya chupa, ukakaa chini kabisa, sakafuni, ukawa unazungusha ile bushoni polepole, polepole, unaongea naye habari ya bei ya nyanya. Bushoni ikatoka na haikusema kitu. Hata mi niliyekuwa naangalia sikujua saa ngapi imetoka. Ukamimina. Ukanywa kwanza, mbele ya macho yake, jicho kwa jicho. Kisha ukampa kwa mikono miwili.

Mama Adela akaingiza mguu wa pili. Akanywa. Akasema, "Imepungua sukari."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma! Bamama ba umri wetu hatudanganyiki.

Sikukufundisha lile la kitambaa, na hakuna mwalimu aliyekufundisha. Umelitoa wapi, sijui. Labda chini ya kitanda changu, pale kwenye vioo. Kama njo hivyo, basi zile chupa hazikupasuka bure, lakini usifikiri nasema nilifanya vizuri. Nilifanya vibaya. Nataka tu ujue kama niliona.

Kule utakosa, Mapendo. Hautakosa kosa langu, utakosa lako, na litakuwa na aibu yake mpya kabisa. Siku ile usipindue mabido midomo chini mpaka msimu uishe. Pindua mpaka jioni. Kisha inua.

Na ile etiketi. Umeandika "Kimya". Nilikuuliza nani ananunua kimya, bantu bananunua furaha, bananunua simba na tai. Ukasema, "Koko, sisi tungenunua." Nilijifanya sijasikia. Sasa nakujibu: eya. Tungenunua, tena bei yoyote.

Kitu cha mwisho, halafu nazima taa, betri si ya babu yako.

Asubuhi utatafuta karatasi ya kufungia chupa zako ili zisigongane njiani. Usitafute. Nimeshazifunga. Nilishusha kile kifurushi kwenye msumari, fundo lilikuwa limekuwa gumu kama mfupa, nikatumia meno yaliyobaki. Vitenge vyote vimo kwenye katoni yako, kila kimoja kimezunguka chupa zake, na kile cha ndege bluu ulichokililia ile Noeli kiko juu, utakiona kwanza. Usivirudishe. Kata ushone, vaa, fanya unavyotaka. Sufuria na kisu nimevirudisha jikoni. Chumvi nimempa Mama Adela.

Sina tena cha kunyakua nikitoka mbio. Kwa hiyo batoto bapige makelele, bati zilie, mi nitakuwa hapa hapa.

Msumari nimeuacha. Ukija kunisalimia, utundike koti yako pale.

Koko wako